Siku Fundi Rusimbi Alipoingoja Irindi

Kura ya moyoni haijazi sanduku. Mmeisikia leo kwa mama yenu, alipokuwa akimsema mjomba wenu anayetangaza kila mahali kwamba anampenda mama yenu mdogo, na mwezi wa pili huu mgonjwa amelala na yeye hajakanyaga hospitali. Mmecheka, halafu mmekuja kuniuliza imetoka wapi, kama watu wanaouliza bei ya chumvi. Haya, kaeni. Nanzia, endelea kumenya hizo ndizi, kusikiliza hakuhitaji mikono. Na wewe Sekiete, weka hiyo simu mbali, maana nikianza sirudii.

Methali hii ilianza hivi, na mimi sikusimuliwa na mtu. Nilikuwapo, na sehemu ya kosa ni yangu.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, sijaolewa, nakaa kwa baba yangu Irindi. Irindi mnaijua kama ilivyo leo, na bomba na maji ya mfereji. Wakati ule kule juu kulikuwa na ndiva, yaani bwawa letu la kukusanyia maji ya chemchemi, na maji yake yaliishia kwenye mashamba ya juu tu. Watu wa kitongoji cha Mabondeni walikuwa wanayaona maji kwa macho. Kuyanywa walikwenda mtoni, saa nzima kushuka na saa mbili kupanda, ndoo kichwani.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kujenga kwa mawe, anaitwa Bonifasi Rusimbi. Hakuwa mtu wa kwetu. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge huko chini tambarare, mmoja wa wale waliokuwa wanaitwa manamba. Wazazi wakafa wote wawili huko huko mkongeni, na kijana akapanda mlimani kutafuta kibarua cha kubeba mawe. Akajifunza ufundi. Mpaka nilipokuja kumfahamu vizuri, nusu ya nyumba za Irindi msingi wake ulikuwa wa mikono yake, na kuta za shule ya kata pia. Yeye mwenyewe hakuwa na kiwanja. Alipanga chumba huko Kwemlala, makao ya kata, karibu na shule.

Alikuwa mtu mzuri. Mtasema bibi anapamba maneno. Sipambi, nasema alivyokuwa. Alikuwa akijenga ukuta anauzunguka mara tatu, halafu anaweka kiganja juu ya jiwe kimyakimya kama anasikiliza. Kazi yake ilikuwa safi. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya kwao, na Kipare alikiongea kutushinda sisi wenyewe. Hata hivyo watu walipomtaja walisema "yule mtoto wa manamba". Hawakusema kwa ubaya. Ilikuwa ndiyo namna yetu ya kumjua mtu, kwa kule alikotoka, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jina hilo linamuuma.

Siku moja mwanamke wa Mabondeni anaitwa Naghenjwa, mjamzito wa miezi saba, alianguka na ndoo kwenye ule mwinuko wa njia ya mtoni. Mtoto akatoka, hakuishi. Rusimbi ndiye aliyemkuta, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwao. Kesho yake akaenda kupima kwa kamba kutoka kwenye ndiva hadi Mabondeni, akarudi akasema mfereji unawezekana, kinachotakiwa ni saruji ya kuzibia nyufa na nguvu za watu. Nguvu zilikuwepo. Akaenda halmashauri kuomba saruji. Wakamuuliza wewe ni nani, umetumwa na diwani gani. Diwani wetu alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma, na kiti kilikuwa wazi. Akarudi, na siku ya tatu akaenda kwa chama kimoja kidogo kuchukua fomu ya kugombea udiwani.

Aliyeshindana naye alikuwa Mzee Kadeghe, mwenye duka kubwa pale Kwemlala. Kadeghe hakuwa mtu mbaya wa kutisha, alikuwa mfanyabiashara tu. Aligawa khanga, sukari na chumvi, akakodi gari lenye spika. Rusimbi hakuwa na cha kugawa. Alikuwa anakwenda mlango kwa mlango na daftari la shule, anauliza mnasumbuliwa na nini hapa, anaandika. Akikuta mlango umelegea bawaba anaukaza kwanza, ndipo anauliza. Mimi nilikuwa namfuata na kumwandikia, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka na wake ulikuwa unachekesha.

Mnataka kujua kama nilimpenda. Naona Nanzia anavyonitazama. Subirini.

Katika kutembea huko siku moja tulipumzika juu ya ukuta wa ndiva, na nikamuuliza kwa nini anajitesa, kwani saruji angeweza kuomba kupitia mtu mwingine. Aliniambia hivi, na nayakumbuka maneno yake kama alivyoyasema.

"Saruji ni kweli naitaka, Nakijwa. Lakini nina kitu kingine. Nina miaka kumi na tisa kwenye mlima huu. Nataka siku moja tu niwasikie watu wa Irindi wakisema, huyu ni wetu. Nikilisikia hilo, hata nikifa kesho sina deni na dunia."

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa moja tu, na mdomo nilikuwa nao. Nilimwambia jua linazama, tushuke.

Sasa lazima mwelewe kitu kimoja kuhusu sisi. Irindi mtu hasifiwi mbele ya macho yake. Ukimsifia mtu mahindi yake, atakuambia yote yameliwa na nyani. Ukimsifia mama mtoto wake, atasema huyu ni mvivu tu. Sifa zetu tunazitunza mpaka mazikoni, huko ndiko tunakozimwaga, na mwenyewe hasikii. Mtu ukimpenda, unamfanyia kazi. Unamlimia, unamkatia kuni, unampelekea makande. Basi. Ukitamka unaonekana una jambo unalolitaka.

Kwa hiyo kampeni nzima hakuna mtu wa Irindi aliyemwambia Rusimbi tutakuchagua. Alikuwa anaongea mkutanoni, watu wanatazama chini. Akimaliza, mzee mmoja anauliza swali la kokoto. Alikuwa anaondoka hajui amekubaliwa au amekataliwa. Huku nyuma sasa, akishapinda kona, watu walikuwa wanaambizana kwamba hakuna mwingine, ni huyu.

Mfereji wenyewe ulikuwa umeshachimbwa sehemu kubwa kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja inayoitishwa kwa pembe. Ilibaki hatua kama themanini, na katikati ya hizo hatua kulikuwa na jabali. Rusimbi alisema jabali hilo tuliache mpaka mvua zipite, wakati wa uchaguzi tusije tukaumizana. Akaenda kumalizia kampeni yake vijiji vya ng'ambo.

Alipoondoka tu, Mzee Mshana, aliyekuwa mkuu wa msaragambo, akaita kikao. Akasema uchaguzi ni Jumapili, na Jumatatu Rusimbi atatangazwa. Je, atatangazwa maji yakiwa bado huku juu? Tumpe zawadi yake. Siku anayochaguliwa, siku hiyo hiyo maji yaingie Mabondeni. Watu wote wakaafiki. Wengi wetu ni Wasabato, Jumapili ni siku ya jembe, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Tena tukakubaliana pembe isipigwe, ili asisikie. Tuliambizana mlango kwa mlango. Mimi nilipewa upande wa kupika.

Mpango ulikuwa mzuri. Tuanze alfajiri, tumalize saa sita, tushuke wote Kwemlala tukapige kura. Kituo kinafungwa saa kumi, na kutembea ni saa moja na nusu. Nafasi ilikuwepo tele.

Alfajiri tukakoka moto juu ya jabali. Likishapata moto unalimwagia maji ya baridi lipasuke, ndivyo alivyotufundisha mwenyewe. Lilipasuka, ndiyo, vipande vidogo vidogo. Saa sita ikapita. Saa saba Mzee Mshana akasema jamani, nusu yenu shukeni mkapige kura, nusu tubaki. Kila mtu akamtazama mwenzake. Wewe nenda, mimi nibaki. Hapana, nenda wewe. Nani alitaka kukosekana maji yakipita? Baba Naghenjwa alisema kura yangu mimi mmoja itapunguza nini, watu wa vitongoji vingine wanatosha. Na wa vitongoji vingine walikuwa wapi? Walikuwa hapo hapo, na majembe.

Mzee Mshana akanijia jikoni. Akaniambia, "Nakijwa, wewe makande yameiva, huna kazi tena. Shuka." Kadi yangu ya kupigia kura ilikuwa nimeifunga kwenye pindo la khanga. Nikasema nashuka sasa hivi. Sikushuka. Nilijiwazia Rusimbi jioni anapanda, anaona maji, anauliza nani aliwapikia watu, na ninamjibu ni mimi. Kwa ajili ya hilo tu nilibaki. Naona aibu kuwaambia, ila ndiyo kweli yenyewe, na uzee huu una faida gani kama siwezi kusema kweli.

Saa nane na nusu jabali likakubali. Maji yakapita. Wanawake wa Mabondeni waliyakimbilia wakayafuata kwa miguu mpaka nyumbani, Naghenjwa akalia. Ndipo mtu mmoja akatazama jua. Tukatupa majembe tukateremka mbio, watu sitini na kitu, matope mpaka magotini. Tulifika Kwemlala saa kumi na robo. Mlango umefungwa. Msimamizi wa kituo alitusikiliza kwa adabu, akasema sheria ni sheria. Mzee Mshana alimbembeleza sana. Hakufungua.

Rusimbi hatukumkuta.

Wakala wake ndiye aliyetuambia. Kumbe alikuwa pale tangu saa moja asubuhi, amekaa kwenye benchi upande wa pili wa barabara, amevaa shati jeupe alilolipiga pasi. Pale benchi unaiona njia ya Irindi yote, mpaka inapopotea kwenye migomba. Saa mbili akasema watakuwa wanamalizia kukamua ng'ombe. Saa nne akasema watu wa kwetu hupenda kushuka pamoja. Saa sita akasogea mwisho wa benchi ili aione njia vizuri. Walikuja vikongwe wanne waliopandishwa punda, akawasaidia kushuka. Rusimbi alimjua kila mtu wa Irindi kwa nyumba yake, alijua kila mlango aliouweka, na njia ikabaki tupu. Saa tisa akainuka, akamwambia wakala simamia tu mpaka mwisho, mimi nimeshajibiwa.

Usiku ule kura zikahesabiwa. Kadeghe alimshinda kwa kura kumi na tisa.

Jumatatu asubuhi tukashuka wote, kama tulivyopanga kushuka jana yake. Tukajaa mbele ya chumba chake. Alikuwa amefunga sanduku lake la vifaa kwa kamba, na begi moja. Mzee Mshana akamweleza habari ya jabali, habari ya zawadi, pembe isiyopigwa, yote. Rusimbi alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipoambiwa maji yamefika Mabondeni, akauliza yanatoka kwa nguvu? Akaambiwa ndiyo. Akatabasamu. Mimi nikajisemea, yamekwisha, atabaki.

Halafu tukabaki tumesimama. Watu sitini mbele ya mlango wa mtu mmoja, na kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu. Alikuwa anatungoja. Niliona kabisa anatungoja, anatutazama uso kwa uso, mmoja mmoja. Kitu alichokuwa anakitaka kilikuwa kidogo kuliko mfuko wa saruji. Mwishowe Mzee Mshana akakohoa, akasema, "Sasa fundi, ule ukuta wa mfereji unahitaji lipu."

Huo ndio uliokuwa wimbo wetu wa mapenzi. Msicheke. Yule mzee alikuwa anamwambia usiende, tutakufa bila wewe. Kwa lugha yetu ilikuwa imetosha.

Rusimbi akasema, "Lipu nilimfundisha kijana wenu Kiangi. Anaijua." Akainama akaliweka vizuri lile sanduku.

Watu wakamsindikiza mpaka barabarani, wajukuu zangu, na wengine walikuwa wanalia huku wanazungumzia mvua. Mimi nilikuwa nimembebea makande kwenye jani la mgomba. Gari lilipoonekana kwa mbali nikamsogelea nikampa. Akanishukuru. Akaniuliza, taratibu tu, kama mtu anayeuliza njia:

"Na wewe, Nakijwa? Wewe jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napika. Kwa ajili yako."

"Kadi yako?"

Nikafungua pindo la khanga nikamwonyesha. Aliishika, akaigeuza, akalisoma jina langu kwa muda mrefu, akanirudishia.

"Najua sasa kwamba mlikuwa mnanitaka," alisema. "Nimeyasikia yote, na nayaamini. Jana nilikaa pale benchi kwa muda wa saa nane nikiitazama njia yenu, na hayo yote yalikuwa mioyoni mwenu. Kura ya moyoni haijazi sanduku, Nakijwa."

"Sasa si umeshajua," nikamwambia. "Kaa."

"Nimejua nikiwa nimeshafunga mizigo. Miaka kumi na tisa nilikuwa nawasikiliza. Nimechoka kukisia."

Gari likasimama. Alikuwa anakwenda Kigoma, kwa ndugu za baba yake ambao hajawahi kuwaona. Aliweka mguu mmoja juu ya ngazi, na mguu mwingine akauacha chini. Dereva alipiga honi, na mguu bado uko chini. Alikuwa ananitazama mimi. Watoto wangu, hakuna siku nimepewa nafasi ndefu kama ile. Nilikuwa na maneno yote, nayajua kwa mpangilio. Nikamwambia, "Makande usiyaache yapoe."

Akapandisha mguu. Sikumwona tena.

Mwanzoni watu walikuwa wanayasema yale maneno yake kwa kujilaumu. Mzee Mshana aliyasema kanisani, akashindwa kuendelea na sala. Baadaye akina mama wakaanza kuwaambia watoto wao, halafu yakavuka mlima, na sasa mnayasikia hata kwa watu wasiojua Irindi iko upande gani. Kadeghe alikuja kutuletea saruji mwaka uliofuata, na Kiangi akaupiga ukuta lipu. Maji yanapita mpaka leo. Barua ilikuja moja, miaka mingi baadaye, haina anwani ya kujibu. Iliandikwa kwa ule mwandiko wake wa kuchekesha, anauliza tu kama ukuta haujapata ufa.

Babu yenu alikuja kunioa miaka minne baada ya hapo. Alikuwa mume mwema, msije mkadhani nilimnyima kitu. Nilimwambia nampenda asubuhi na jioni, mbele ya wakwe, mbele ya wageni, mpaka mwanzoni alidhani namfanyia mzaha, na mama yake akauliza kama nimerogwa. Ninyi wenyewe nawasifu machoni mpaka mnakimbia. Wazee wenzangu wananisema kwamba nimeacha desturi. Waache waseme, wao hawakumwona mtu na mguu mmoja juu ya ngazi.

Haya, Nanzia, sasa nakujibu lile swali lako. Ndiyo, nilimpenda. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kujua kwamba mtu anaweza kumpenda mtu ambaye hata si wa ukoo wake. Na alikuwa wetu. Alikuwa wetu kabisa, kuliko wengi tuliozaliwa pale. Nimelisema hilo shambani, nimelisema jikoni, nimelisema nikichota maji yake, na leo nimelisema mbele yenu, mashahidi wangu. Mtu mmoja tu ndiye hakulisikia, naye ndiye aliyekuwa analingoja. Kura ya moyoni haijazi sanduku.